Simama Kati: Dakika Chache Kwenye Feri ya Likoni

Ukitaka kuijua Mombasa, msomaji, usianzie Fort Jesus. Teremka Likoni mapema asubuhi, jua likiwa ndio kwanza linachungulia, ujiunge na umati ungojeao lango lifunguliwe. Utawaona mafundi na mifuko yao ya zana, akina mama wa mahamri, watoto wa shule, na vijana wa mikokoteni wakipiga miluzi wapishwe njia. Lango likifunguka hutembei, unabebwa.

Mwenye kwenda kwa miguu halipi kitu hapa. Safari yenyewe ni fupi, hata pakiti ya korosho huimalizi. Lakini usidanganywe na ufupi huo. Kilindini ni kwenye kilindi, na waliopaita hivyo walijua wasemalo. Meli kubwa za makontena hupita papo hapo zikienda bandarini, nayo feri huzingoja kama mtoto anayempisha mzee mlangoni.

Mimi huvuka na shangazi yangu, mkazi wa ng'ambo. Shangazi ana desturi yake. Husimama katikati ya sitaha, mbali na omo na mbali na ubavu, akashika nguzo. "Simama kati, baba," huniambia. "Waache wenye haraka zao wakimbilie mbele." Kwa miaka mingi nilidhani ni woga wa uzee, na nakiri nilimcheka.

Sasa simcheki. Ijumaa tarehe 29 Aprili, 1994, feri ya Mtongwe, kivuko kingine cha mtaro huu huu, ilipinduka ikiwa na watu wapatao 400. Ilikuwa imepakia kupita kiasi. Nchi kavu ilikuwa mita 40 tu, masafa ambayo mtoto wa Pwani huyaogelea akicheza. Watu 272 walikufa. Shangazi alikuwa amechelewa kumwandaa mwanawe, akafika akakuta feri imeondoka. Majirani zake hawakuchelewa.

Yawezekanaje chombo cha chuma kipinduke kwenye maji matulivu? Waulize manahodha wa majahazi, watakueleza habari za farumi, yale mawe au mchanga unaowekwa chini kabisa ya chombo kisicho na shehena. Uzito ukiwa chini, chombo kikilala upande mmoja, maji hukisukuma kirudi wima. Feri haina tumbo la jahazi. Ni kama sinia, na uthabiti wake watokana na upana wake. Mzigo wake wote uko juu, na sehemu kubwa ya mzigo huo ina miguu. Zidisha watu 100, kila mmoja kilo 70, umeongeza tani 7. Kisha tani hizo zikimbilie upande mmoja kwa sababu gati limeonekana! Ubavu huinama, maji huingia sitahani, nayo maji yenyewe hukimbilia kule kule kwenye mwinamo.

Mhandisi anapounda chombo huacha nafasi ya ziada kati ya mzigo ulioruhusiwa na mzigo utakaokiangusha. Nafasi hiyo ni ya upepo, mawimbi, kutu na makosa ya binadamu. Ubaya ni kwamba haionekani kwa macho. Feri iliyojaa kupita kiasi huweza kuvuka salama leo, kesho na mtondo, na kila ikivuka salama watu huona kwamba ile idadi iliyoandikwa ni maneno tu. Ndivyo moyo wa uongo unavyojengeka. Tarehe 20 Septemba, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, huko Tanzania. Iliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228.

Chuma nacho huzeeka. Maji ya chumvi hukila polepole, hasa pale palipochomelewa, ambapo ufa mdogo waweza kujificha chini ya rangi mpya. Kwa hiyo chombo hupandishwa chelezoni, kikakwanguliwa, na unene wa mabati ukapimwa kwa mitambo ya mawimbi ya sauti. Feri ikitolewa kazini kwa ajili hiyo foleni hurefuka, na sisi abiria hulalamika. Mimi pia nimelalamika.

Tena kuna yale madogo. Tarehe 29 Septemba, 2019, hapa hapa Likoni, gari lilirudi nyuma likateleza kutoka MV Harambee, mama na bintiye wakiwa ndani. Wapiga mbizi walihangaika siku 13 kabla ya kulitoa. Chombo hakikupinduka, wala bati halikupasuka. Kilichokosekana ni kizuizi cha kulikinga gari mwisho wa sitaha.

Siku niliyovuka mara ya mwisho maji yalikuwa yamepwa, ulimi wa feri umelala kwa mteremko mkali kwenye zege. Kabla haujagusa chini, tayari watu walikuwa wamesongamana mbele, pikipiki zikinguruma, mtoto mmoja juu ya mabega ya babaye akielekeza kidole nchi kavu. Nilitaka kusogea. Shangazi akanishika mkono wa shati. Tulisikia chuma kikikwaruza zege, feri ikatetema kidogo, ikatulia. Umati ukamwagika. Ndipo alipoiachia nguzo, akaweka sawa kanga yake, akaniuliza kama nimebakiza korosho.