Moshi Mweusi Kwenye Mlima wa Ngomo

Kazi iliyonilisha hapa Uvira ni motere za mazutu, hasa za pikapu: Hilux za 3L na 5L, Land Cruiser za 1HZ, na siku hizi Hilux za 2KD zenye kompyuta. Imenipa msimamo ambao mafundi wenzangu wengi hawaupendi. Pikapu ikishindwa kipimo cha moshi, mara nyingi motere yake haijachoka. Imenyimwa hewa, au imepewa mazutu kupita kiasi, au mazutu yanaingia kwa matone badala ya ukungu. Yote matatu yanatibika kwa pesa ndogo kuliko ya kufungua motere, ila fundi aanzie kwenye hewa, si kwenye pistoni. Garaje nyingi hufanya kinyume kwa sababu motere iliyofunguliwa inaleta pesa, na filta haileti.

Rangi ya moshi ni ushahidi wa kwanza. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapo kweli ringi au sili za valvu zinaweza kuwa zimekwisha. Moshi mweupe usiokatika motere ikishapata moto ni mazutu yasiyowaka, au maji yanayopenya gasketi ya kichwa. Mweusi ni masizi, yaani mazutu yaliyoungua nusu, na kipimo cha mashine kinaushughulikia zaidi huo. Mwanga hupitishwa katikati ya moshi, kisha husomwa kiasi kilichozuiwa, huku shofere akikanyaga moto ghafla mpaka pompi yenyewe ikate. Ulaya kikomo cha motere za zamani zisizo na tirbo kimekuwa 2.5 kwa mita, zenye tirbo 3.0. Kwa majirani zetu, Rwanda ilianza mwaka 2025 kampeni ya kupima moshi wa magari kwa mashine, na Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo jambo hili halitabaki la ng'ambo ya Ruzizi. Kukanyaga moto namna hiyo si mchezo. Kabla ya kupeleka gari tazama mshipi wa taimingi na kiwango cha oili, na motere iwe moto sawasawa, maana motere baridi hutoa moshi hata ikiwa nzima.

Kilo moja ya mazutu huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na motere ya dizeli hutaka zaidi ya hapo isitoe masizi. Sasa fikiria barabara ya namba 5 wakati wa kiangazi, kutoka Kavimvira kupita Kiliba, Sange mpaka Luvungi, kila lori likiacha wingu nyuma yake. Filta ya karatasi huziba humo. Itoe, weka taa ndani yake, itazame kwa nje: pasipopita mwanga, hewa nayo haipiti. Wengi huipulizia kompresa kutoka nje, wakizidi kusukuma vumbi ndani ya karatasi. Wengine huiosha kwa esansi. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na ikichoka inunuliwe mpya. Baada ya hewa, enjekteri. Ile ya 1HZ hufunguka karibu bar 150, na ikiwa nzima hutoa ukungu mwembamba kwa mlio mkali kisha hukauka mdomo. Ikidondosha tone, tone hilo ndilo masizi yako. Asiye na mashine ya kupimia alegeze nati ya kila mrija motere ikiwa taratibu, mmoja baada ya mwingine. Ule ambao ukilegezwa moshi unapungua, enjekteri yake ina kesi. Lakini usithubutu kufanya hivyo kwenye 2KD. Humo presha hupita bar 1,000, na mazutu ya namna hiyo hupenya ngozi ya mkono. Kwa gari hilo tazama kwanza mipira ya tirbo iliyopasuka na valvu ya EGR iliyojaa masizi.

Shofere atanijibu kwamba moshi ndio nguvu, na bila moshi mlima wa Ngomo, njiani kwenda Bukavu, haupandiki. Hoja hii ina mzizi, kwa sababu skrubu ya pompi ikikazwa nguvu huongezeka kweli, lakini mpaka pale hewa inapokwisha tu. Baada ya hapo kila tone linaloongezwa hutoka kwenye eksozi, nalo limelipiwa. Tena mlima wenyewe unamkanusha. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, Bukavu karibu 1,500, na kati ya hapo na pale hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia saba. Motere isiyo na tirbo huvuta hewa hiyo pungufu, wakati pompi, isipokuwa ina kifaa cha kufidia mwinuko, inaendelea kumwaga mazutu yale yale ya Uvira. Ndiyo maana pikapu iliyokazwa skrubu Mulongwe, hapa Uvira, ikapendeza, ikifika Ngomo na magunia ya ndagala inafunika barabara nzima kwa weusi na bado haipandi.

Wengine husingizia mazutu ya Kadhafi, yaani ya wauzaji wa barabarani, ya kwenye bidon. Sitayatetea, maji na taka vimo, na filta ya mazutu inapaswa kubadilishwa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Ila kama pikapu mbili zimejaza kwa muuzaji mmoja na moja tu inatoa moshi, kosa si la muuzaji. Wapo pia wanaosema kipimo ni ushuru mwingine tu, na katika nchi yetu shaka hiyo imepata sababu zake. Hata hivyo shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka moshi wa dizeli mwaka 2012 kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mama anayeuza samaki kando ya barabara ya Kalundu anauvuta kutwa, bila kuwa na gari wala risiti.

Mwenye gari, fundi akikuambia motere ishushwe kwa sababu ya moshi mweusi, mwambie kwanza akuonyeshe filta kwenye taa na enjekteri kwenye mashine. Akikataa, peleka gari kwingine. Na skrubu ya pompi ikiwa bado na muhuri wake wa risasi wa kiwandani, usimruhusu mtu kuigusa.