Daftari la kaseti, Kikoneni

Jumatatu, 6 Januari 2025

Joto. Upepo wa kaskazi unavuma lakini haupozi kitu. Nimeshinda ndani na ile kaseti ya arusi ya Mrima. Nimevaa Beyerdynamic, DT 770, za omu 250, volyumu ya kompyuta nimeifungua hadi mwisho, na bado nzumari inasikika kama iko ng'ambo ya mto Ramisi. Chapuo ipo. Upatu upo. Maneno ya shangazi, ndiye anayeimba, yamezama.

Hedifoni hazina ila. Zimeundwa kwa watu wa studio na zinataka volti ili ziamke. Tundu la kompyuta hutoa volti moja hivi, pengine haifiki. Na kaseti yenyewe ilinaswa kwa sauti ya chini. Uchache juu ya uchache.

Kiboksi cha Behringer, ile UCA202 ninayopitishia kaseti kuingia kwenye kompyuta, kina tundu la hedifoni, lakini ni la kuhakikishia tu kwamba sauti inapita. Kwa kuingiza sina neno nacho: biti 16, sampuli 48,000 kwa sekunde, na utepe wa kaseti hauna siri zaidi ya hapo. Kinachonikwaza ni kusikiliza. Faili zinajaa na sijui nimehifadhi nini.

Amplifaya ya mezani, basi, yenye ndani kigeuzi chake cha kufanya tarakimu ziwe sauti. Pesa za korosho zinaingia wiki hii.

Jumatano, 8 Januari

Orodha. Nimeiandika, nimeikata, nimeiandika upya.

FiiO K7: nguvu tele, hata za kumwaga. Lakini inakula volti 12 kutoka kwa adapta ya ukutani. Stima ikikatika, na yenyewe imelala. Huku kwetu stima hukatika hata bila wingu.

FiiO E10K: bei nzuri, inajilisha kwa USB. Lakini walioiunda wanaipendekezea hedifoni za omu 16 hadi 150. Zangu 250. Imeondoka.

iFi Zen DAC: inajilisha kwa USB, na ukitaka, kuna mahali pa kuchomeka volti 5 za pembeni. Volti 5! Hizo ninazo usiku wowote, zimo ndani ya pawabenki. Tundu kubwa la milimita 6.3 mbele. Swichi ya kuongeza nguvu kwa hedifoni ngumu.

Halafu kuna zile za bei kali zinazojisifia sampuli mamia ya maelfu. Za nini? CD ilipotoka mwaka 1982 ilikuja na sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, na hiyo inatosha kubeba kila sauti ambayo sikio la kijana linaweza kuipata. Kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde, utepe mwembamba, mchakacho wake peke yake unazidi kelele za kigeuzi chochote kizima. Tarakimu za kwenye boksi hazitaniletea neno hata moja la shangazi.

Nataka mambo matatu. Nguvu ya kusukuma omu 250. Ukimya pale ambapo kwenye kaseti pana ukimya. Isizimike stima inapozimika.

Zen. Nimeizungushia duara.

Ijumaa, 10 Januari

Baada ya swala na chakula nikamwambia mama watoto. Alikuwa anakuna nazi, hakusimamisha mkono.

"Bei?"

Mpya ilitoka kwa dola 129, na dola yenyewe siku hizi inacheza kwenye shilingi 129 hivi, kabla ya usafiri na ushuru. Iliyotumika nimeipata Nairobi, Luthuli Avenue, elfu kumi na nne. Muuzaji amenipigia video, amenionyesha inawaka, ameizungusha volyumu mbele ya kamera.

"Na mabati?"

Mabati ya jikoni. Najua. Kila nikipita pale naona anga.

Kimya. Nazi ikaisha, akachukua nyingine. Halafu akaniuliza shangazi alikuwaje juzi nilipomwona. Nikamwambia anaulizia mambo mara mbili, na kwamba wale aliokuwa akipiga nao ngoma wamebaki wa kuhesabu kwa vidole.

"Nunua. Lakini mabati kabla ya masika."

Kabla ya masika. Nimeandika hapa ili iwe ahadi.

Jumamosi, 18 Januari

Imefika! Bodaboda hadi lami, matatu hadi Ukunda, nikasaini, nikageuza. Njia nzima nimeipakata mapajani, makanga akaniuliza kama ni dawa.

Chuma kizito kuliko nilivyodhani. Mkwaruzo mdogo ubavuni, haudhuru. Kifundo cha volyumu kinazunguka laini, hakina mchanga ndani. Taa iliyokizunguka hubadilika rangi kufuata sampuli za faili, kwa hiyo sasa najua kompyuta inatoa kitu gani bila kufungua dirisha la mipangilio.

Sikuanza na kaseti. Nilianza na ninachokijua. Zuhura Swaleh na Maulidi, kwenye CD. Taishokoto ile! Miaka yote nimesikia nyuzi tu, leo nimesikia na vitufe vyake vikibonyezwa, tak tak tak, chini ya nyuzi. Kisha udi wa Zein l'Abdin. Ukucha unagusa waya, waya unatetema, unakufa, na kati ya kufa na pigo linalofuata pana nafasi. Nafasi tupu kabisa. Nilikaa hapo muda mrefu.

Volyumu haijafika hata nusu.

Halafu nikawasha deki ili niingize kaseti mpya, na hapo ndipo nikasikia kitu. Mvumo. Kesho.

Jumapili, 19 Januari

Mvumo ule ule, nzzzz, chini ya kila kitu. Nimelala nao kichwani.

Shemeji alikuja asubuhi. Tangu Base Titanium wamalize uchimbaji mwezi uliopita yuko nyumbani, na kazi yake ilikuwa umeme. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akasema, "Hertzi 50. Hiyo ni stima yenyewe inakuimbia."

Tukaanza kuchomoa. Zen nikaihamishia kwenye pawabenki: mvumo upo. Kwa hiyo si chakula inachokula. Tukachomoa chaja ya kompyuta: kimya! Tukairudisha: nzzzz.

Akanichorea kwenye vumbi la barazani. Deki imechomekwa ukutani. Chaja ya kompyuta imechomekwa ukutani, tundu jingine, chumba kingine. Deki na kompyuta zimeungana kupitia kiboksi cha Behringer. Tayari ni mduara, na umeme unazunguka humo kupitia waya wa ardhi, na amplifaya nzuri haina la kufanya ila kukusikilizisha. Tundu la kompyuta lilikuwa dhaifu, lilinifichia.

Dawa: wakati wa kazi kompyuta ikae kwenye betri yake, deki peke yake ukutani. Zen ikae kwenye pawabenki isiinyonye betri ya kompyuta. Jioni tumejaribu. Nimefungua volyumu yote bila kucheza chochote. Hakuna kitu. Nimesikia damu yangu.

Shemeji amekataa pesa. Amechukua mafenesi mawili.

Alhamisi, 23 Januari

Leo nimeshinda na skrubu moja.

Kichwa cha deki kina skrubu ndogo pembeni inayokiinamisha. Kila mashine iliyonasa kaseti ilikuwa na mwinamo wake, na kichwa changu kisipoinama vilevile sauti za juu zinapotea. Hilo nililijua kwa kusoma. Leo nimelisikia.

Kaseti inazunguka, bisibisi imeingia kwenye kitundu, hedifoni masikioni, pande zote mbili nimeziunganisha ziwe moja ili tofauti ijitokeze. Mahali penye upatu. Ulikuwa unalia "tss", kavu, hauna mwili. Nikageuza kidogo kulia: ukazidi kufifia. Nikarudi. Nikapita kushoto, upana wa unywele, na upatu ukafunguka, chuma juu ya chuma, nikasikia na mkono unaouzima kabla ya pigo jingine. Nyuma yake kayamba, ambayo sikujua kama imo. Na shangazi, konsonanti zake zote mdomoni.

Mstari mzima wa Kidigo uliokuwa na vistari kwenye daftari langu, nimeujaza.

Nimetia nukta ya wino kwenye skrubu, pa kurudia. Kila kaseti itapimwa upya. Hii kazi haina njia ya mkato na sitaitafuta.

Usiku nikafungua programu ya kuondoa mchakacho, nione. Mchakacho unaondoka, kweli. Na pumzi ya mpiga nzumari nayo inaondoka, ile anayoivuta kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma. Programu haijui tofauti ya upepo wa utepe na upepo wa mtu. Basi nakala ya kwanza inabaki kama ilivyotoka kwenye deki. Akija mwenye akili kuliko hiyo programu, ataikuta nzima.

Jumamosi, 25 Januari

Shangazi amekuja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Kiko wapi hicho kitu chako?"

Nimeshusha volyumu hadi sifuri kabla ya kumvisha. Amplifaya hii ina nguvu za kuumiza sikio, na sikio lake la kushoto ndilo limebaki. Akasogeza ushungi, nikamkalisha hedifoni taratibu, nikaanza kupandisha, kidogo, kidogo, nikimtazama uso.

Akainua kidole. Nikasimamisha hapo.

Nilidhani atasema kuhusu sauti yake. Hakuijali kabisa. Alisikiliza, kichwa kimeinama, kisha akasema aliyeshika upatu si yule tuliyekuwa tukimtaja miaka yote. Ni ndugu yake mdogo.

"Umemjuaje?"

"Anachelewa. Anachelewa kidogo ndiyo arudi. Mkubwa hakuwa akichelewa."

Nikarudisha nyuma. Nikavaa mimi. Kweli, anachelewa. Kitu kidogo kuliko kupepesa jicho. Mtu mzima aliyekufa, na ameachwa akijulikana kwa kuchelewa kwake, na nusura aandikwe kwa jina la kaka yake.

Tukaendelea. Wa chapuo. Wa nzumari, alitoka Vanga, aliletwa na mjomba wa bwana arusi. Wanawake wa kiitikio, mmoja mmoja, kwa sauti zao. Kalamu yangu haikuwahi. Mahali pamoja akatikisa kichwa: "Hapa nilikuwa na mafua." Nikasikiliza tena. Alikuwa na mafua!

Akachoka baada ya Alasiri. Alipovua hedifoni hakusema asante wala nini, alisema, "Ya pili yake iko wapi? Kulikuwa na upande wa pili."

Majina yote yamo kwenye daftari jekundu. Nimeyanakili tena kwenye kompyuta kabla ya kulala.

Ijumaa, 31 Januari

Habari zimetembea. Leo ameletwa kwa pikipiki mzee aliyekuwa akipiga vumi, kutoka upande wa Lunga Lunga, na shangazi alikuwapo. Wakabadilishana hedifoni, huyu anasikia hapa, yule anasikia pale, halafu wanabishana juu ya vitu ambavyo hawakuvisikia pamoja. Mzee anasema arusi hii haikuwa Mrima. Shangazi anasema Mrima, yeye ndiye aliyeimba. Mzee anasema jogoo anayewika mwisho wa upande wa kwanza hawezi kuwa wa Mrima kwa sababu usiku ule Mrima ilinyesha na hapa hakuna mvua juu ya makuti. Na kweli hakuna. Nimetafuta, nimepandisha, hakuna hata tone.

Sijafurahi hivi siku nyingi. Ubishi huu ndio ninaoutaka. Lakini lazima wasikie kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Waya wa kugawanya. Hedifoni mbili za omu 250 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 125 machoni pa amplifaya, na hilo Zen italibeba bila taabu. Muhimu ziwe za aina moja. Nikichanganya na zile nyepesi za omu 32 za mpwa wangu, ambazo zinaitika haraka, yeye atapigiwa kelele na mwenzake asikie kwa mbali. Kijana wa studio pale Diani ana DT 770 kama hizi, 250 vilevile. Amekubali kuniazima Jumapili nzima, mradi nimwachie nakala.

Tatizo: volyumu itakuwa moja kwa wote wawili. Mzee anasikia vizuri, shangazi hasikii. Nitapima kwa mzee, na shangazi nitamgeuzia upande wa upatu kwenye sikio la kushoto.

Mabati nimeulizia bei Ukunda. Ikiuzwa ile baiskeli, yanatosha.

Jumapili, basi. Nichaji pawabenki kesho. Nisafishe kichwa cha deki kwa spiriti. Swali la kwanza nitakalowauliza si arusi ilikuwa wapi, ni arusi ilikuwa ya nani. Bibi arusi akijulikana, watoto wake watajulikana, na mtoto wa kwanza atatupa mwaka.