Watamu na Sulisuli Arudishwaye Baharini

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akishavuka daraja la Kilifi na kuupita msitu wa Arabuko-Sokoke, hufika Gede, na hapo barabara ndogo humgeuza upande wa bahari. Wengi wetu tumezoea kugeuka hapo kwa ajili ya magofu ya mji wa kale, watoto wakaona misikiti na visima vya waliotutangulia, kisha tukarejea. Safari hii hatukusimama kwenye magofu. Tuliendelea kilomita chache hadi Watamu, kwani tulitaka kuuona uvuvi ambao mvuvi hulipa fedha ili avue, na akishampata samaki humrudisha majini.

Watamu ni kijiji cha Waswahili na Wabajuni, kilichokuwa cha wavuvi kabla ya kuwa cha mahoteli. Kusini yake hori ya Mida huingia bara kati ya mikoko, na mbele yake ni mbuga ya bahari iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, zikiwa miongoni mwa mbuga za kwanza za baharini barani Afrika. Ndani ya mbuga hapana ruhusa ya kuvua, si kwa mgeni wala kwa mwenyeji. Kwa hiyo boti za watalii huondoka alfajiri na kupita moja kwa moja hadi maji ya kina, pale rangi ya kijani inapokwisha na buluu iliyokoza inapoanza.

Afuatwaye huko ni sulisuli, ambaye baadhi ya wavuvi humwita mbasi: samaki mwenye mdomo kama mkuki na pezi la mgongoni lifungukalo kama tanga. Huja kwa wingi kaskazi inapoanza kuvuma, akiwafuata samaki wadogo. Mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alivua maji ya Malindi mwaka 1934, na tangu zama hizo wageni wa namna yake hawajakatika. Zamani samaki wote walioshikwa waliletwa pwani wakatundikwa, wapigwe picha pamoja na aliyewavua. Siku hizi desturi imegeuka. Sulisuli akifikishwa ubavuni mwa boti, baharia humshika mdomo, humchoma karibu na pezi kijialama chembamba chenye nambari, hukadiria ukubwa wake, huandika tarehe na mahali, kisha humwachia. Kumbukumbu hizo hukusanywa na African Billfish Foundation, shirika lenye makao yake hapo hapo Watamu. Mvuvi atakayemnasa tena samaki yule, awe Lamu, Pemba au ng'ambo, akiipeleka ile nambari, hujulikana samaki alikotoka, alikofika na muda aliokaa baharini.

Uvuvi huu wa burudani umewavuta watafiti wa shahada ya uzamivu katika nchi nyingi, na maswali yao si ya starehe. La kwanza ni kama samaki aliyeachwa huishi kweli, maana si kila aogeleaye akaenda zake hupona. Ndoana ya kawaida humezwa ikanasa kooni au kwenye matamvua. Ndoana ya duara huteleza ikashika pembe ya mdomo, na uchunguzi juu ya sulisuli umeonyesha kwamba hupunguza sana majeraha ya ndani na kuvuja damu. Kumvuta kwa muda mrefu humchosha, na kumpakata nje ya maji ili mgeni apate picha ni kumnyima pumzi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alituuliza kama yafaa kumtaabisha kiumbe kwa mchezo ilhali mtu hana haja ya nyama yake. Swali hilo tunawaachia maulamaa wetu. Twaona tu kwamba ndoana ya duara na kuacha picha ndani ya maji ni mambo madogo, na hayana udhuru wa kutofanywa.

Watafiti huuliza pia nani ahesabuye. Uvuvi wa biashara una mizani na karani. Uvuvi wa burudani, katika sehemu nyingi za dunia, hupita bila kuandikwa. Pwani yetu ina bahati kidogo, kwa kuwa vilabu na boti za uvuvi huo zimeweka daftari kwa miaka mingi, na wanasayansi wamezitumia kupima kupanda na kushuka kwa samaki.

Lakini swali lililotushika zaidi ni la faida: humfikia nani? Tulilipeleka bandari ya wavuvi, ambako ngalawa na mashua zilikuwa zikirudi kabla ya adhuhuri. Matajiri wenye barafu na magari huchukua nguru, jodari na kolekole. Wanaobakia na samaki wadogo ni mama karanga, wanawake wanaonunua ndoo kwa ndoo, wakawakaanga na kuwauza jioni kando ya njia. Ni wao wanaolisha kijiji. Mmoja wao alitueleza kwamba hana ugomvi na wageni; mwanawe ni baharia katika boti ya watalii, na msimu ukiwa mzuri bakshishi yake hulipa karo. Kisha akasema kusi ikivuma boti hulala, mwana hulala, na karai lake huwa ndilo tegemeo la nyumba nzima. Twaona hapo ndipo hesabu nyingi za utalii huteleza: huandika kilicholipwa hotelini, wasiulize kilichofika jikoni.

Na lipo jambo jingine lisilosemwa kwa sauti. Nyama ya sulisuli iliyopigwa moshi ni chakula maarufu katika mahoteli ya pwani. Mgeni humwachia samaki asubuhi kwa moyo mweupe, na usiku huletewa sahani ya jamaa yake kwa ndimu. Huyo wa sahani alivuliwa na mtu, na mtu huyo akiwa ni mvuvi wa ngalawa mwenye watoto, hatuna lawama naye. Walakini, hatuoni haki mvuvi huyo aambiwe kwamba yeye ndiye mharibifu.

Maana mizani ya bahari ni kubwa kuliko Watamu. Mwaka 2018 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya ni mwanachama wake, iliweka kikomo cha tani 25,000 za sulisuli kwa mwaka kwa bahari yote, pamoja na vikomo vya marlini. Sehemu kubwa ya sulisuli wa bahari hii hunaswa kwa nyavu aina ya jarife, hasa na vyombo vya nchi za kaskazini yake kama Iran, India na Pakistan. Boti kumi za watalii haziwezi kuyaokoa yanayomalizwa huko.

Hata hivyo yapo yaliyo mikononi mwetu. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 imeipa serikali uwezo wa kutoa leseni, na leseni yaweza kudai daftari lililojazwa. Vikundi vya usimamizi wa ufuo, vinavyojulikana kama BMU, vina wanawake ndani yake, na twapendekeza mama karanga waketi pale wenye boti na wataalamu wanapopanga ada na mahali pa kuvua. Wanajua bei ya samaki kila siku ya mwaka, na ni wa kwanza kujua samaki wadogo wanapopungua, yaani chakula cha sulisuli mwenyewe.

Baada ya alasiri makarai yalikuwa tayari motoni. Vibua vilikuwa vichache siku hiyo, na watoto walitumwa na shilingi zao kuwahi foleni.