Tope linalolisha Gazi

Ukivuka feri ya Likoni na kufuata barabara ya Lungalunga kwa takriban kilomita 50, utafika Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale. Kina mama wa hapa wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na kwa ada watakutembeza wewe na watoto. Wageni wengi hupenda maji yakiwa yamejaa ili picha zipendeze. Mimi nakushauri uende yakiwa yamekupwa, uone tope.

Tope lenyewe ni jeusi na linanuka yai viza. Watoto waliotutangulia darajani walibana pua, na mama aliyetuongoza akacheka tu, yeye ameizoea.

Harufu hiyo ni kazi ya bakteria. Milimita chache tu chini ya uso wa tope, oksijeni imekwisha. Bakteria wa huko hawaihitaji: hutumia salfa iliyomo ndani ya maji ya bahari, kisha hutoa gesi hiyo inayonuka. Na kwa kuwa hakuna oksijeni, majani na mizizi iliyofukiwa huoza polepole mno, kaboni yake ikabaki humo kwa mamia ya miaka.

Juu ya tope mambo huenda kasi. Jani la mkoko likidondoka huwa gumu na halina lishe ya maana. Bakteria na kuvu hulivamia, hulilainisha na kuliongezea nitrojeni, ndipo kaa na kamba wanapolifaidi. Samaki wachanga nao hujificha kwenye mizizi, wakila humo humo hadi wapate nguvu za kutoka baharini. Kitoweo cha jioni hapa Gazi huanzia kwenye viumbe wasioonekana kwa macho.

Miaka ya 1970 mikoko mingi ya eneo hili ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwandani. Mkoko ukikatwa, tope hukauka, hewa huingia, na kaboni iliyohifadhiwa muda wote huo huanza kutoka. Upandaji upya ulianza miaka ya 1990, na tangu 2013 wanakijiji, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, huuza kaboni inayohifadhiwa na takriban hekta 117 za msitu. Fedha hizo zimeleta maji safi na kusaidia shule.

Kama ripota wa afya, pale darajani mawazo yangu yalikwenda tumboni. Utumbo mpana nao karibu hauna oksijeni, na umejaa bakteria. Hao huchachusha nyuzinyuzi za maharage, mboga na matunda tusizoweza kuzimeng'enya wenyewe, na asidi wanazotoa hulisha kuta za utumbo. Hata maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto mchanga hawezi kuzimeng'enya kabisa. Ni chakula cha bakteria wake! Mama ananyonyesha mtoto, na papo hapo analisha kundi zima linalomlinda.

Ndiyo maana hunikera kuona mzazi akinunua antibayotiki dukani kwa sababu ya mafua ya kawaida. Mafua husababishwa na virusi, ambavyo dawa hizo hazivigusi. Zinachofanya ni kuua bakteria, wabaya kwa wazuri, na mtoto hubaki na mafua yake, pengine pamoja na kuhara. Daktari akiziandika baada ya kumpima mtoto, hapo mpe kama alivyoelekeza.

Mkienda Gazi, vaeni viatu visivyoteleza, maana mbao huwa na unyevu. Ulizeni mapema kama kina mama watawapikia. Wali wa nazi na samaki haukataliwi. Watoto waacheni wachunguze kaa na kuchafuka kidogo. Lakini kabla ya kula, wote wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwani si kila kilichomo topeni ni rafiki.