Asali ya Mjomba, Inyonga

Basi liliondoka Tabora baada ya Sala ya Alfajiri. Tulipita Sikonge, tukafika Ipole ambako njia ya Mbeya hujitenga, kisha tukauvuka mto Koga na kuingia Mkoa wa Katavi. Anayeikumbuka njia hii kabla ya lami atanielewa: masika mmoja nililala humo siku mbili, na mkate wetu ukaisha usiku wa kwanza.

Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, ni mji mdogo wa Ukonongo uliozungukwa na misitu ya miombo. Sifa yake ni asali. Wazee wangali wakitundika mizinga ya magome juu ya miti, na vijana wana mizinga ya mbao. Aliyezoea kusoma Surat an-Nahl msikitini ajaribu kuisoma huku, nyuki wakivuma juu ya kichwa chake.

Nilikwenda kumzuru mjomba wangu, mrina asali tangu ujana wake, nikamkuta mnyonge. Mnunuzi alikuwa amezirudisha ndoo zake akidai kwamba asali ina maji mengi. "Mwanangu, Wallahi sikutia maji," aliniambia. Hasara angeistahimili; kilichomuumiza ni kudhaniwa mdanganyifu katika uzee wake.

Mimi ni mwalimu wa historia, sikuwa na la kumjibu. Lakini mtoto wa dada yangu, aliyelelewa katika nyumba ile ile, anafanya kazi katika maabara ya vyakula mjini Birmingham, Uingereza. Ukoo wetu wote una kundi moja la WhatsApp, kutoka Dar es Salaam hadi Muscat. Kwa miaka mingi tumechangia humo sanda, mahari na nauli za wagonjwa. Kamwe hatukuulizana nani ana ujuzi gani. Usiku ule niliuliza, na majibu yalinitia haya: muuguzi wa watoto wachanga, fundi wa umeme wa jua, mhasibu, na huyo mpwa wangu.

Msimu wa kurina uliofuata alikuja kwa likizo ya wiki tatu. Mkobani alikuwa na kipimo kidogo kuliko tochi: unadondosha tone la asali juu ya kioo, unatazama kuelekea kwenye nuru, na mstari unakuonyesha kiasi cha maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex hakiruhusu maji yazidi asilimia 20. Asali ya masega ambayo nyuki walikwisha kuyafunika kwa nta ilikuwa chini ya hapo. Ya masega yaliyo wazi ilizidi. Mzee hakutia maji. Alirina mapema, kwa sababu wajukuu walidaiwa michango ya shule. Alinyamaza kitambo, kisha akacheka hadi akatokwa na machozi.

Wazo la kuwaita wataalamu kwa muda si geni. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, lilianza mpango wa namna hiyo Uturuki mwaka 1977, na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, likaanzisha wake kwa ajili ya Afrika mwaka 2001. Wapo wanaosema kwamba wiki tatu ni utalii tu, nami nimewaona waliokuja kupiga picha. Hata hivyo, mpwa wangu ana watoto shuleni kule, na alipochukua uraia wa Uingereza aliupoteza wa kwetu, kwani sheria yetu haiwaruhusu watu wazima kuwa na uraia pacha. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria yanayowapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania. Anaifuatilia. Kurudi moja kwa moja hajaahidi, wala mjomba hakumtaka aahidi.

Kipimo kimebaki Inyonga. Mjomba hukifunga katika kitambaa na kukiweka rafu moja na msahafu, na warina wenzake humjia jioni, kila mmoja na kijiko chake cha asali. Juzi yule muuguzi wa Muscat ameandika katika kundi, akiuliza zahanati ya kijijini kwetu inakosa nini.