Simu ama Vitu?

Huku Bondo neno kuflashi lina maana mbili, na zimewahi kunigombanisha na watu. Ya kwanza ni ya zamani: huna kredo, unampigia mtu, unakata kabla hajashika, naye anajua anafaa kukupigia. Ya pili ndiyo inanilisha: kuchomeka simu kwenye kompyuta, kufuta programu msingi iliyoharibika na kuiandika upya. Jaduong' mmoja alikataa kabisa kunilipa. "Mia tano ya kuflashi? Mimi nimeflashi watu tangu 2003 na hakuna hata mmoja amenilipisha."

Kibanda changu kiko karibu na steji. Wateja ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, watu wa boda, na akina mama wanaopanda kutoka bichi za Usenge na Wichlum. Wanakuja na sentensi ile ile: "Fundi, simu imekwama kwenye nembo." Nami kabla sijashika kebo huwauliza swali moja. Unataka simu, ama unataka vitu?

Wengi hucheka. Wanadhani ni kitu kimoja.

Wacha nieleze. Android imejengwa juu ya Linux, na kwenye Linux kuna mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote, anaitwa root. Simu ikitoka dukani, huyo mtumiaji si wewe. Wewe ni mpangaji. Unaweza kupanga viti na kubandika picha, lakini huwezi kubomoa ukuta. Kuruti ni kujitwalia funguo za landilodi.

Na watu wetu hawakuanza kuruti kwa ujeuri. Walianza kwa sababu ya nafasi. Mwaka 2011 Safaricom walipoleta Huawei Ideos kwa kama shilingi elfu nane, ndiyo ilikuwa simu ya kwanza ya Android kwa Wakenya wengi. Hifadhi yake ya ndani haikufika hata gigabaiti 1. Unaweka apu chache tu, inalia imejaa. Wajuaji wakairuti ili apu zihamie kwenye memori kadi. Leo mtu ana gigabaiti 32 na kilio ni kile kile: WhatsApp imekula kila kitu, halafu kuna apu za kiwandani ambazo hajawahi kuzifungua na haziondoki. Kijana wa nyumbani anaombwa asaidie. Anapakua apu inayoahidi kuruti kwa kubofya mara moja. Anabofya. Simu inazima, inawaka, inaonyesha nembo, inazima, inawaka, inaonyesha nembo.

Hiyo si maiti, ni mgonjwa. Kuna zile mbaya zaidi. Kuna inayowaka vizuri lakini imepoteza IMEI, kwa hivyo ina taa, ina muziki, ila laini haishiki na M-PESA hakuna. Na kuna tofali: giza kabisa, hata ukichaji haisemi kitu.

Mara nyingi wagonjwa hawa wanauliwa na haraka ya kuwatibu. Simu mbili zenye jina moja, rangi moja na boksi moja zinaweza kuwa na skrini kutoka viwanda tofauti ndani yake. Ukiiwekea hii faili ya dada yake, inaamka na uso mweupe. Kwenye menyu ya uokoaji, ile unayoingia kwa kubana vitufe, kuna mistari miwili inayokaa jirani: mmoja unafuta kache, mwingine unafuta data. Wa kwanza ni kufagia sebule. Wa pili ni kuchoma nyumba. Na kwenye programu za kompyuta kuna chaguo la kufuta kila kitu kabla ya kuandika, pamoja na ile sehemu ndogo inayobeba IMEI. Fundi mwenye foleni hupenda hilo chaguo kwa sababu simu nyingi huamka. Mteja anaona taa, analipa, anaenda. Akifika nyumbani anatafuta picha.

Ndiyo maana nauliza.

Aprili moja alikuja mama wa omena na kijana wake. Aprili si mwezi mzuri kwake. Upande wetu wa ziwa uvuvi wa omena hufungwa kuanzia mwezi huo hadi Julai iishe, samaki wapate kuzaana. Nyavu zinakunjwa, na muuzaji anaishi kwa madeni anayowadai watu. Simu ilikuwa ya zamani, chipu ya MediaTek, Android 6, gigabaiti 8. Alikuwa ameifunga kwa leso kama kitu cha matanga.

"Ni huyu ameiua," alisema, akimwonyesha kijana kwa kidevu.

"Nilikuwa naitengenezea nafasi, mama."

"Nafasi! Si sasa umeipata yote."

Nikauliza swali langu. Hakucheka.

"Nyathina, simu ni ya nini? Mimi nataka kitabu changu."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha madeni. Kililoa kwenye boti akitoka kisiwa cha Mageta, na kabla kurasa hazijashikana kabisa alizipiga picha zote. Watu 17, kutoka Luanda hadi Busia, jumla shilingi 38,400. Hiyo pesa ndiyo ilikuwa karo ya kijana, aanze kozi ya umeme Septemba. "Kama kitabu kimeenda," mama alisema bila kumwangalia, "na yeye ataenda majini na wenzake." Kijana alikuwa anaangalia viatu vyake.

Njia ya haraka ilikuwa dakika kumi: kuandika kila kitu upya, simu iamke, niombee. Njia ya pili ilikuwa kutoandika chochote. Simu ya aina hiyo inaweza kusomwa na kompyuta ikiwa imezimwa, kabla Android haijaamka. Unaiambia ikupe nakala ya hifadhi yake yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kama ilivyo. Na kwa vile zile simu za bei nafuu za enzi hiyo nyingi hazikufunga data kwa siri, ukishapata nakala unaweza kuifungua kwenye Linux kama flashi diski.

Tukaanza. Mstari wa kijani ukatambaa. Ulipofika katikati stima ikapotea, na betri ya laptopu yangu ni ya mapambo tu. Kila kitu kikazima. Kijana aliruka kama ameungua.

"Tulia," nikamwambia. "Tulikuwa tunasoma. Kusoma hakuui. Kuandika ndiko kunaua."

Nilimwona akilifikiria hilo neno. Kinyozi jirani ana inveta na sola, akatuazima soketi, tukaanza upya kutoka sifuri huku mashine ya kunyoa ikivuma upande wa pili wa mabati. Ilichukua karibu saa nzima. Mama alikaa kwenye stuli na leso yake mapajani.

Picha zilikuwepo. Kurasa zote, nyingine zimekaa upande, mbili zina kivuli cha kidole. Sikutaka kuzirudisha kwenye simu yoyote. Nilimtuma kijana anunue daftari la kurasa 32. Mimi nikawa nasoma, yeye anaandika, na mama anatoa maoni.

"Huyo wa Luanda, elfu mbili mia nne."

"Huyo atalipa. Ana haya."

"Huyu hapa, elfu sita."

"Huyo andika kwa wino mwingi."

Pale kidole kilipofunika, mama alizitoa hesabu kichwani, na nilipojumlisha ikatoka 38,400 kamili. Nikamuuliza basi kitabu kilikuwa cha kazi gani kama anazijua zote. Akanitazama kama mtoto. "Mimi nazijua. Wao wanazijua mpaka wasipoziona zimeandikwa."

Baada ya hapo ndipo nilijaribu kuiponya simu. Kwanza niliandika ile sehemu ndogo ya kuamshia tu. Ikakataa. Nikaandika programu msingi nzima. Ikatoa kosa pale pale, mara nne, na kebo mbili tofauti. Hapo nikajua. Hifadhi ya simu huchoka kwa kuandikwa, siku baada ya siku, kila picha, kila mesej. Ikifika mwisho, chipu nyingi hubaki za kusomeka tu, ukiziandika hazishiki. Hii ilikuwa imefika mwisho. Pengine ilikuwa ikikwama kwa miezi.

"Ilikuwa inaganda sana?" nikauliza.

"Tangu Krismasi," mama akasema.

"Basi hakuiua. Ameikuta inakufa."

Mama alimgeukia mwanawe. "Kwa hivyo si wewe."

"Sijui, mama."

"Fundi amesema." Akampa daftari alishike. Nadhani huko kulikuwa kuombana msamaha, kwa sababu waliondoka wakiongea habari za nauli ya Luanda. Alinilipa mia saba, na hapo hapo akanunua kabambe ya vitufe kwa jirani. Fundi mwenzangu alinicheka kwamba nimelipwa kwa simu iliyokufa. Ni kweli. Katika kazi zote nilizofanya mwaka huo, hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa ilifaulu.

Lakini siwezi kuifanya tena kwa simu za sasa, na hili watu hawapendi kulisikia. Tangu Android 10, iliyotoka 2019, kila simu mpya inatakiwa kufunga data kwa siri, na ufunguo umefungamana na chipu ya simu hiyo hiyo na namba yako ya siri. Mwizi akikupora Kondele usiku hawezi kusoma picha zako. Vizuri sana. Hata mimi siwezi. Ukuta hauulizi nani ni mwizi na nani ni fundi.

Kuna mwanafunzi alikuja mwaka uliofuata, mwaka wa nne, na simu nzuri iliyokwama kwenye nembo. Alitaka kubadilisha sura ya Android, akafuata maelekezo ya video. Nikamuuliza, simu ama vitu? Akasema vitu. Ndani kulikuwa na rekodi 11 za wazee wa Yimbo aliowahoji kwa ajili ya mradi wake wa mwisho, na mmoja wao alikuwa amezikwa wiki mbili kabla.

Nikamuuliza kama alifungua kufuli la kiwandani, lile la kwanza kabisa ambalo video zote husema lifunguliwe. Akasema ndiyo. Ilibidi nimwambie. Kufungua lile kufuli kunafuta data yote, na si kwa ajali. Watengenezaji wamepanga hivyo, ili anayeiba simu asifungue kufuli na kusoma. Onyo huandikwa kwenye skrini kwa Kiingereza kirefu, na video huliruka kwa sekunde tatu. Vitu vyake viliondoka dakika ile, kabla simu haijakwama. Alikuwa amekuja kunilipa nitafute kitu ambacho hakikuwepo. Simu niliiamsha kwa dakika ishirini. Akaichukua, akaiwasha, ikamkaribisha kwa lugha ya kuchagua, kama hajawahi kuishika maisha yake yote.

Wapo pia ambao hawataki simu wala vitu, wanataka kitu cha tatu. Jamaa wa boda ana simu ya kulipia kidogo kidogo kila siku. Amelipa miezi tisa, imebaki mitatu, mvua imenyesha siku mbili, hajapata abiria, simu imejifunga. "Omera, iflashi tu." Namweleza kwamba deni haliko ndani ya simu. Liko kwenye seva, limeandikwa kwa namba ya IMEI. Hata nikiandika programu msingi mpya, ikishika intaneti mara moja inakumbushwa. "Basi badilisha IMEI." Hapo ndipo naweka kebo chini. Sheria ya Kenya inakataza kuigusa hiyo namba, na wenye umri wetu tunakumbuka jinsi mwishoni mwa Septemba 2012 simu feki zaidi ya milioni moja zilivyozimwa nchini kwa sababu ya IMEI zisizotambulika.

Anaondoka amekasirika, na hasira yake naielewa. Simu inamwitia abiria. Ikijifunga kwa sababu hakupata pesa, atapataje pesa ya kuifungua? Miezi tisa ya malipo, na bado ni mpangaji. Hilo si swali la kujibiwa na kebo yangu.

Siku hizi swali langu sisubiri mtu aletee simu iliyokwama. Namuuliza aliyekuja kununua chaja, ama kubandikiwa kioo cha skrini. Vitu vyako viko wapi pengine? Kwenye memori kadi? Kwenye akaunti unayoikumbuka nywila yake? Kwenye daftari? Nina kompyuta, nina kebo, naweza kumtolea nakala akingoja na simfanyii bei.

"Fundi, nitakuja kesho," wanasema.

Nawaambia leo kuna stima.