Nzi Asiyeruka

Kwetu Mella, mpakani mwa Uganda na Kenya, nzi ni nzi tu. Akitua kwenye chakula hupigwa kofi, basi. Lakini tangu nianze kusoma Kiswahili, napenda kuuliza: nzi yupi?

Nchini Kenya yupo mmoja aitwaye Mormotomyia hirsuta. Alikusanywa mwaka 1933 katika kilima cha Ukasi, kati ya Thika na Garissa. Mwaka 1936 Ernest Austen wa London alimweleza na kumpa jina. Ana urefu wa sentimita moja hivi, miguu mirefu na manyoya mengi, utadhani buibui. Mabawa yake ni mafupi mno, hawezi kuruka. Huishi katika ufa wa mwamba, na mabuu wake hukulia kwenye mavi ya popo. Baada ya 1948 hakuonekana hadi watafiti walipomkuta palepale mwaka 2010.

Hirsuta ni Kilatini, yaani mwenye manyoya. Neno hilo tunalo. Nilipowaeleza wadogo zangu kwa Kiswahili, mmoja aliuliza, “Popo wakifukuzwa, yeye atakula nini?” Asiyemjua nzi huyo asingemhurumia.